Waswahili Elfu Thelathini Waliopotea

Mwaka 1924 Serikali ya Himaya ya Zanzibar ilihesabu watu wake, na katika jedwali la makabila ikaandika kuwa Waswahili walikuwa 33,944. Miaka saba baadaye, mwaka 1931, ilihesabu tena. Mara hii Waswahili walikuwa 2,066. Baina ya hesabu hizo mbili hapakuzuka maradhi yaliyochagua Waswahili yakawaacha jirani zao, wala hapakung'oa nanga majahazi ya usiku yaliyowabeba watu elfu thelathini na ushei kwenda nao kusikojulikana. Jumla ya wakaazi wa Unguja na Pemba, katika muda huo huo, ilipanda kutoka takriban 217,000 hadi 235,428. Nyumba zilikuwa zile zile, na waliolala ndani yake, kwa sehemu kubwa, walikuwa wale wale.

Tugeuze ukurasa. Katika sensa ya 1924 Waarabu waliandikwa 18,884. Mwaka 1931 wakawa 33,401, na ilipofika 1948 wakawa 44,560. Wahamiaji kutoka Omani na Hadhramaut walikuwapo, na watoto walizaliwa kama wanavyozaliwa siku zote, lakini hakuna jamaa inayokaribia kujizidisha maradufu kwa miaka saba kwa njia ya uzazi na majahazi ya kaskazi peke yake. Ni dhahiri kwamba palikuwa na watu waliotoka safu moja ya jedwali wakaingia safu nyingine, pasi na kuhama hata chumba.

Nimeyasoma majedwali haya mara nyingi kuliko inavyomfalia mtu wa beti na vina. Kilichonivuta ni ule ugomvi wetu wa zamani, ambao wapenzi wa ushairi wa pwani wanaujua vyema, wa kuuliza Mswahili ni nani. Tumeubishania barazani na katika makongamano, kila mmoja na nasaba yake na kitabu chake. Nikadhani, kwa ujinga wa mtu aliyejifundisha mwenyewe, kwamba hesabu ya serikali ingetupa jawabu. Nilipoifikia nikakuta nayo imo katika ugomvi ule ule, tena imekaa upande wa anayeuliza.

Ili kuelewa kilichotokea tunahitaji kurudi nyuma kidogo. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria hapa Visiwani kwa amri ya tarehe 6 Aprili 1897, na masuria wakaingizwa katika uhuru huo mwaka 1909. Waliokombolewa walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa hapa, hawana lugha nyingine ila Kiswahili wala dini nyingine ila Uislamu. Kwao kujiita Waswahili ilikuwa hatua mbele, kwani maana yake ni mtu wa hapa, si mtu wa fulani. Basi karani wa 1924 alipouliza, wengi walimpa jina hilo. Lakini jina nalo huchakaa. Kwa kuwa lilikuwa limebebwa na watu waliotoka utumwani, waungwana wakalikimbia, na watoto wa hao waliolibeba wakaliona kuwa linawakumbusha wasiyotaka kukumbushwa. Mtu akatazama mtaa anaokaa, shamba analolima, mke aliyemuoa, mazishi anayoalikwa, akajiita Mhadimu, au Mshirazi, au Mwarabu. Je, alidanganya? Mimi sithubutu kusema hivyo. Bibi mzaa mama Mhadimu, babu mzaa baba Mmanga, baba mwenyewe amezaliwa Ng'ambo: mtu wa namna hii ana majibu matatu, na yote ya kweli. Karani ana kisanduku kimoja.

Hapo ndipo lilipo kosa la kwanza la takwimu, na si kosa la hesabu. Makarani wa 1931 yamkini walijumlisha vizuri. Ila swali lenyewe lilikuwa halijanyooka. Fomu za kikoloni ziliuliza habari ya taifa au kabila kana kwamba ni kitu kama urefu wa mtu, unaweza kukipima kwa kamba. Neno kabila, katika Kiswahili cha pwani, hubeba ukoo, asili, heshima na hata madai ya mirathi. Mfasiri yeyote aliyekaa na neno hilo mezani anajua kuwa ukilitia katika swali hujui utajibiwa nini. Ofisi ya takwimu inayojiheshimu siku hizi hulijaribu dodoso lake mitaani kabla ya sensa, ikasikiliza watu wanafahamu nini wanapoulizwa, kisha ikaandika maana ya kila neno katika kitabu cha maelekezo cha karani, ili swali la Makunduchi liwe ndilo la Wete. Ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya tarakimu, na laiti watu wa lugha tungeitwa mara nyingi zaidi kuifanya.

Kuna mtu mmoja ambaye wasomaji wa jarida hili pengine hawajamsikia, na anastahiki kutajwa. Robert René Kuczynski alizaliwa Berlin mwaka 1876, akawa bingwa wa hesabu za watu, na mwaka 1933 akalazimika kuikimbia Ujerumani ya Hitler kwa sababu alikuwa Myahudi. Uingereza ilimpokea, akafundisha London, na katika miaka ya vita Wizara ya Makoloni ikamfanya mshauri wake wa mambo ya idadi ya watu. Akakaa na ripoti za makoloni, moja moja, koloni baada ya koloni, akiuliza jambo ambalo maofisa hawakulizoea kuulizwa: mmejuaje? Alifariki mwaka 1947. Mwaka 1949 kikachapishwa kitabu chake kinene kinachogusa Afrika Mashariki, Zanzibar ikiwamo. Alichokikuta ni kwamba tarakimu nyingi zilizokuwa zikinakiliwa mwaka hata mwaka katika ripoti za magavana zilikuwa makisio ya mabwana shauri, au hesabu ya vibanda kwa ajili ya kodi iliyozidishwa kwa idadi ya watu iliyobuniwa, au tarakimu ya mwaka jana iliyoongezwa kidogo. Mimi humwona kama mhakiki wa miswada: mtu anayerudi kwenye nakala ya kwanza na kuonyesha wapi mnukuzi aliteleza. Mtu aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya jina lililoandikwa kwenye karatasi ya serikali alikuwa na sababu zake za kutoziamini karatasi.

Kodi nimeitaja kwa kupita, lakini ndiyo mzizi wa mengi. Bara, ambako Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na Waingereza wakaiendeleza, anayehesabu na anayedai walikuwa ni mtu mmoja. Mwenye akili alihamia porini siku hiyo, au akaingiza watu wa vibanda viwili katika kimoja. Hata pasipokuwa na kodi, kuhesabiwa kwenyewe hakukuwa jambo jepesi kwetu. Wazee wetu wa kike hawakupenda watoto wao wahesabiwe kwa sauti. Ukimuuliza Bi fulani ana watoto wangapi, alikujibu kuwa Mungu amemruzuku, wanatosha. Si kwamba hakujua. Alichelea husuda, na alichelea mgeni mwenye kalamu.

Nusu ya elimu ya takwimu, kwa hiyo, ni kumfanya mtu huyo asiwe na la kuchelea. Hili linaonekana waziwazi zaidi katika kisa cha mchele.

Visiwa vyetu vilikuwa vikila mchele wa ng'ambo, na sehemu kubwa ilitoka Burma. Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942, meli za mchele zikakatika. Serikali ikaanza kugawa chakula kwa mgao, na mnamo 1943 mgao huo ulifuata jinsi mtu alivyoainishwa. Mantiki ya maofisa ilikuwa kwamba kila jamii ipewe chakula ilichozoea: Mhindi na Mwarabu wazoefu wa wali wapate mchele, Mwafrika apate unga wa mahindi na vyakula vya shamba. Anayeijua Zanzibar ataicheka mantiki hiyo, kama haitamliza. Wali ulikuwa chakula cha heshima cha kila mtu, wa Malindi na wa Mwembetanga, na jirani wawili waliokuwa wakipelekeana sahani usiku wa Ramadhani wakajikuta katika madaftari mawili. Tangu siku hiyo, neno lililoandikwa mbele ya jina la mtu lilikuwa na uzito wa kibaba. Watu walikwenda kudai waandikwe upya, na ni nani awalaumu?

Sasa mwekeni mtakwimu wa mwaka 1948 mbele ya mlango wa nyumba hiyo hiyo. Yeye amekuja kuhesabu tu, hana gunia la mchele wala daftari la kodi. Sensa ya mwaka huo ilisimamiwa na Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki chini ya C. J. Martin, na ilikuwa na mpango bora kuliko zote zilizotangulia: Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilihesabiwa katika mwaka mmoja. Ikapata watu 149,575 Unguja na 114,587 Pemba, jumla 264,162. Jumla hiyo naiamini kwa kiasi kikubwa. Lakini mwenye nyumba aliyeulizwa kabila miaka mitano baada ya mgao anajibu akiukumbuka mgao. Hakuna ustadi wa kujumlisha unaoweza kulitoa jibu hilo katika hofu yake. Ndiyo maana nasema kuwa zile safu za jumla na zile safu za makabila, ijapokuwa zimepigwa chapa kwenye ukurasa mmoja kwa wino mmoja, hazistahiki imani iliyo sawa, na msomaji anayezinukuu kwa pumzi moja anajidhulumu.

Karafuu nazo zina fundisho lake, nami nitalipitia haraka. Kwa miongo mingi baada ya 1968 mnunuzi wa halali alikuwa mmoja tu, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Kwa hiyo kilichoitwa mavuno ya mwaka kilikuwa kile kilichofika kwenye mizani yake. Bei ya mkulima ilipokuwa duni, mzigo wa Pemba ulivuka kwa mashua usiku kuelekea Kenya, na karafuu hizo, zilizochumwa kwa mikono halisi juu ya mikarafuu halisi, hazikuwako katika daftari lolote. Bei ilipopandishwa sana mwaka 2011 karafuu zilizonunuliwa ziliongezeka, na asingekuwa mwangalifu angesema mikarafuu imezaa zaidi. Anayetaka ukweli hulinganisha daftari la muuzaji na daftari la forodha ya kule mzigo ulikoshukia, akatafuta zilipo tofauti.

Turudi kwa watu. Mwezi Machi 1958 Zanzibar ilihesabiwa tena, na hapa ndipo pananifikirisha kuliko popote. Uchaguzi wa kwanza ulikuwa umefanyika Julai 1957. Vyama vilikuwa vimeshika kasi, maduka yalisusiwa, watu wa mtaa mmoja hawakuzikana. Ni nani mwenyeji na ni nani mgeni, wangapi hawa na wangapi wale, hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya mikutano ya hadhara. Ofisi ikaona kuwa swali la zamani halitajibika, au likijibika litawasha moto. Ikaunganisha safu. Katika ripoti ya sensa hiyo kuna watu 299,111, na kati yao 279,935 wameandikwa kwa jina moja lisilowahi kutumiwa na mtu barazani: Waafrika-Waarabu. Wanaobaki ni Waasia 18,334, Wazungu 507 na wengineo wachache.

Nimejiuliza miaka mingi kama huo ulikuwa uungwana au woga. Hoja ya uungwana ina nguvu. Mtakwimu anayejua kuwa jibu atakalopewa litakuwa tamko la kisiasa, si habari ya mtu, ana haki ya kutouliza, na ni bora jedwali lenye ufa unaoonekana kuliko jedwali zima lenye uongo. Tena katika nyumba nyingi za Unguja jina lile lililounganishwa lilikuwa na ukweli zaidi kuliko majina yaliyotangulia. Lakini hoja ya pili nayo haiondoki. Mfululizo ulikatika. Anayetaka kulinganisha 1948 na 1958 hawezi, na pale tarakimu ya ofisi ilipokosekana, wahutubu walileta zao. Katika miaka ile mitano hadi sita iliyofuata kila jukwaa lilikuwa na takwimu zake. Leo, ofisi ikibadili maana ya safu, hutakiwa itangaze mapema, ieleze sababu, na pale inapowezekana ichapishe hesabu kwa njia zote mbili, ya kale na mpya, ili msomaji apate daraja la kuvukia. Daraja hilo 1958 halikujengwa.

Kisha ikaja Januari 1964. Wangapi walikufa katika siku zile? John Okello, aliyejiita Jemadari, alichapisha kitabu mwaka 1967 akitaja waliokufa kwa tarakimu kamili, mpaka mtu mmoja mmoja, kana kwamba alikuwa na karani kila uchochoro. Wengine wametaja maelfu machache, wengine zaidi sana. Ukamilifu wa tarakimu si ushahidi wa ukweli wake, na pale Zanzibar hapakuwa na aliyehesabu. Familia zina majina. Majina hayo hayajapata kuwekwa pamoja, na kila mmoja wetu anajua anayemkosa.

Baada ya Muungano, sensa ya 1967 ilikuwa ya kwanza ya Jamhuri, na ndiyo ya mwisho kuuliza kabila na dini. Zilizofuata, za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, hazikuyauliza. Wapo wasioridhika na jambo hilo hata leo. Mwaka 2012 baadhi ya jumuiya za Waislamu ziliwataka wafuasi wao wasihesabiwe mpaka swali la dini lirejeshwe, zikitoa hoja kwamba tarakimu za dini zilikuwa zikitangazwa ovyo na kila mtu ilhali serikali haihesabu. Sikukubaliana na kususia, lakini malalamiko yenyewe siyabezi, kwa kuwa yanatokana na ombwe lile lile la 1958: ofisi isiponena, wasiohesabu hunena. Jawabu la ofisi, kwamba swali linalogawa watu huharibu majibu ya maswali yote mengine, lina ushahidi wake katika majedwali niliyokwisha kuyataja. Lilikuwa na haja ya kuelezwa kwa watu kwa upole na mapema zaidi.

Kuna visa vilivyo vibaya zaidi ya vyetu. Januari 1937 Muungano wa Sovieti ulihesabu watu wake, na kwa agizo la Stalin mwenyewe likatiwa swali la dini. Watu waliopatikana walikuwa milioni 162, pungufu mno ya walivyotangaziwa ulimwengu, kwa kuwa njaa ya miaka ya nyuma ilikuwa imewala mamilioni. Na katika watu wazima, zaidi ya nusu walijibu kuwa wanamwamini Mungu. Sensa ikafutwa, wakuu wake wakakamatwa, baadhi wakapigwa risasi, na mwaka 1939 ikafanywa nyingine iliyopendeza. Nchi za Ulaya ya Mashariki zilipotoka katika utawala wa namna hiyo ndipo watakwimu wa Ulaya walipokaa, mwaka 1992, wakaandika misingi kumi ya takwimu rasmi. Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ikaikubali mwaka 1994, na Baraza Kuu likaipitisha Januari 2014. Afrika nayo iliandika Mkataba wake wa Takwimu mwaka 2009.

Misingi hiyo, ukiisoma ukiwa na historia yetu mkononi, si maneno makavu. Unaosema kuwa habari za mtu mmoja mmoja ni siri na hazitumiwi kwa lolote ila takwimu, unamjibu aliyekimbilia porini kwa kodi na aliyeandikwa mgao mwaka 1943. Ndiyo maana karani wa sensa huapishwa, na sheria humwadhibu akitoboa. Unaosema kuwa njia, vyanzo na taratibu lazima viwekwe wazi ndilo lile swali la Kuczynski lililogeuzwa kuwa wajibu. Na upo unaowapa watakwimu haki ya kusimama hadharani na kusema kuwa tarakimu zao zinatumiwa vibaya, hata kama anayezitumia ni waziri.

Mambo haya yanaendeshwaje kila siku? Nitoe mfano mmoja ninaoupenda. Tazama jedwali la umri katika sensa za zamani utakuta vilima na mabonde. Wenye miaka 30 ni wengi, wenye 40 ni wengi, wenye 50 ni wengi, na wenye 31, 39 au 41 ni wachache ajabu. Hakuna kizazi kilichozaliwa kwa mtindo huo. Ni watu wasiojua tarehe zao, wakijibu kwa tarakimu inayokaa vizuri mdomoni. Ofisi ina njia mbili za kukabili aibu hii. Ya kwanza ni kuvisawazisha vilima kimya kimya. Ya pili ni kuvichapisha kama vilivyo, kuvipima kwa kipimo kinachojulikana, ambacho watakwimu hukiita kwa jina la mwanzilishi wake Whipple, kisha kuchapisha kando jedwali lililosawazishwa na kueleza limesawazishwaje. Ofisi ya namna ya pili ndiyo ninayoweza kuiamini hata pale nisipoweza kuikagua.

Na ili kupunguza vilima, karani hupewa kalenda ya matukio. Bibi hajui mwaka aliozaliwa, lakini anajua alikuwa anatambaa Mfalme Khalifa alipofariki, yaani 1960, au alikuwa ameota meno mwaka wa Mapinduzi. Kwa hiyo kazi ya takwimu inarudi katika maana ya kale ya neno lake. Takwimu tumeipata kutoka Kiarabu, ambako ni kalenda, na mzizi wake ni kunyoosha, kusimamisha kilichoinama. Waarabu wenyewe hesabu za serikali huziita kwa neno jingine. Sisi tulichukua la kunyoosha, na sidhani tulikosea.

Huku Visiwani kazi hiyo iko kwa Mtakwimu Mkuu wa Serikali, kwa sheria ya mwaka 2007, na Bara iko kwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Mwaka 2018 Bunge la Muungano liliibadili sheria ya takwimu ya mwaka 2015, likafanya kuwa kosa la jinai kuchapisha takwimu zenye kupinga au kudhoofisha zile rasmi. Benki ya Dunia ilisema wazi kuwa ina wasiwasi, na watafiti wa nchini wakasema hivyo kwa sauti ya chini. Juni 2019 sheria ikarekebishwa tena na makali hayo yakaondolewa. Nililitazama jambo hilo kwa jicho la mfasiri. Tafsiri yangu ikikosolewa nami nikamfunga mkosoaji, kosa halijatoka kitabuni, na msomaji wa pili atalikuta pale pale. Tusisahau kwamba kama tarakimu za makabila za 1931 zingelindwa kwa sheria ya namna hiyo, hata haya ninayoyaandika yangekuwa shtaka.

Sensa ya mwisho ilifanyika Agosti 2022, kwa vishikwambi badala ya karatasi. Zanzibar ilikuwa na watu 1,889,773, kutoka 1,303,569 mwaka 2012, na Tanzania nzima 61,741,120. Ongezeko letu ni asilimia 3.7 kwa mwaka, kubwa kuliko la nchi nzima, na kwa kisiwa chenye maji ya visima na ardhi ya kupimwa kwa hatua tarakimu hiyo ina mambo ya kutisha ambayo si ya makala haya.

Karani wa mtaa wetu alikuwa kijana wa skuli ya jirani, alifuatana na sheha. Aliniuliza nani walilala nyumbani usiku wa kuamkia siku ile, umri wa kila mmoja, elimu yao, maji tunayateka wapi, choo ni cha namna gani. Nilikuwa nimejiandalia jibu la kabila tangu miaka ya tisini, jibu refu lenye mabibi watatu, nalo halikuulizwa. Alipomaliza alisema kama nina swali niulize. Nikamuuliza nani atakayemhesabu yeye, yaani nani atahakikisha kuwa hakuiruka nyumba. Akasema kuna watu wengine, wasiojuana naye, watakaokwenda katika maeneo machache yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, wahesabu upya kila kitu, kisha orodha mbili zilinganishwe jina kwa jina. Nikamuuliza kama mtaa wetu umo. Akacheka, akasema hilo hata yeye hajaambiwa.